Samadi inaondoa sumu kwenye udongo? Naombeni ushauri

Mkulima_Bahi: Wakuu habari. Nina eka moja huku Bahi, nimeambiwa ukimwaga samadi nyingi sumu ya udongoni inaisha. Nimwage tripu ngapi? Usingizi sipati.

MzeeWaZizi: Samadi ndo kila kitu kijana. Marehemu baba kule Kongwa alikuwa analaza ng'ombe shambani, uwele tuliovuna ndo ulionisomesha.

MamaJ: Sumu gani lakini? Mbona husemi?

Mkulima_Bahi: Zamani jirani palikuwa na mwalo wa kuchenjulia dhahabu, walisaga mawe kwa karasha (mashine ya kusagia) wakakamatisha dhahabu kwa zebaki, marudio, yaani mabaki ya mchanga uliosagwa, wakayaacha hapohapo. Ila ni miaka sita sasa, na samadi nishamwaga fuso nne, mchicha umestawi vizuri tu.

Bwanashamba2: Mkuu samadi haiondoi madini hata gramu moja, inayashika tu. Risasi na kadimiamu zinang'ang'ania mboji, mmea unapata kidogo, hapo inasaidia. Aseniki ndo kinyume chake, na mawe ya dhahabu mara nyingi huwa nayo: fosfati ya samadi inaigombania nafasi kwenye chembe za udongo, aseniki inabanduka inaingia kwenye maji ya mizizi. Zebaki nayo, penye samadi nyingi na maji yaliyotuama kama jaruba la mpunga, bakteria wanaigeuza kuwa aina mbaya zaidi. Unamwagiliaje?

Mkulima_Bahi: Nafungulia yanasimama siku mbili. Ila samadi nishalipia, na majani yana afya jamani.

Neema_Dom: Jani linaweza kuwa kijani kabisa na limebeba risasi. Na unauzia watu? Mungu anakuona kaka.

Kijana_Londoni: Chai hii. Nimekaa machimboni miaka mitatu, juu ya marudio hata nyasi hazioti.

Mkulima_Bahi: Sio chai ndugu yangu. Sijapanda juu ya rundo, nimepanda chini yake, mvua ikinyesha maji yanashukia kwangu. Na mke wangu ana mimba ya miezi mitano, mchicha huo anakula kila siku.

MamaJ: Yesu wangu. Ungeanza na hilo! Asiule tena kuanzia leo, na kliniki awaambie kila kitu.

Bwanashamba2: Acha kumwagilia. Chota udongo sehemu kama kumi, peleka GST (Taasisi ya Jiolojia) hapo Dodoma mjini wana maabara, ulizia vipimo vya zebaki, aseniki na risasi. Samadi tutaongea majibu yakitoka.

Mkulima_Bahi: Kesho asubuhi naenda. Nilioshawauzia sokoni, ninaowajua ni wawili tu.