Beryl Markham, 1936: tuseme alivuka Atlantiki au alianguka?

Mleta mada: Wakuu, tarehe 4 Septemba 1936 Beryl Markham, aliyefundishwa urubani Kenya na Tom Campbell Black, aliruka peke yake kutoka Abingdon, Uingereza, akielekea New York. Baada ya saa 21 hivi ndege ikazama pua kwenye kinamasi cha Baleine, Nova Scotia, Kanada. Watu huiita rekodi, lakini kwangu safari isiyofika ilikokusudiwa haikufaulu. Rubani Mmarekani Amelia Earhart, alipovuka peke yake kuelekea mashariki mwaka 1932, alitua ndege ikiwa nzima, kwa saa 14 na dakika 56.

Kaskazi: Mkuu, kwa kipimo hicho hata Earhart hakufaulu. Alikuwa anakwenda Paris. Bomba la moshi likapasuka, akatua malishoni karibu na Londonderry, Ireland Kaskazini. Tena yeye upepo ulimsukuma. Juu ya Atlantiki ya kaskazini upepo mwingi hutoka magharibi, Markham akaupokea usoni. Upepo wa maili 30 kwa saa, ukikukabili saa 20, umekula maili 600.

Fundi Spana: Tusiruke suala la mafuta, maana ndiko kesi ilipo. Ile ndege yake aina ya Vega Gull, VP-KCC kwa usajili wa Kenya, ilikuwa na injini moja ya Gipsy Six, nguvu za farasi 200, bila redio. Matangi ya ziada hayakuwa na geji. Rubani anasubiri tangi likauke mpaka injini inyamaze, ndipo anafunga koki yake na kupapasa ya tangi jingine, gizani, ndege inashuka. Akiwahi kubadilisha, anaacha mafuta ambayo atayahitaji mbele. Kilichomwangusha ni barafu iliyoziba vipumulio vya tangi. Hewa isipoingia mafuta hayatoki, kama dumu lililotobolewa tundu moja. Injini inakohoa, inashika, inakohoa tena, na mafuta bado yamo. Hapo rubani ana lawama gani?

Mleta mada: Simlaumu, nabishania neno “rekodi”. Rubani James Mollison alishavuka kwenda magharibi peke yake mwaka 1932, akatua salama New Brunswick, Kanada.

Kaskazi: Alianzia Ireland. Markham ni mwanamke wa kwanza kuvuka peke yake kuelekea magharibi, na mtu wa kwanza kufanya hivyo kutoka Uingereza bila kutua njiani. Rekodi ni ya kuvuka bahari, na bahari aliimaliza.

Mleta mada: Basi kinamasi kiandikwe kwenye mstari huohuo wa rekodi, pamoja na vile vipumulio. Hapo nitaikubali.