W123 ya 1982, ndani rangi ya tende: nani amewahi kuipatia?

Mwana wa Ngamiani

Wakuu, salaam. Nina Mercedes 240D ya 1982, bodi ya W123, niliyoachiwa na marehemu mzee. Injini haina neno. Inanguruma kama mashine ya kusaga, lakini inafika. Shida iko ndani.

Siti ni zile za MB-Tex, ambazo kila anayepanda anadhani ni ngozi na wala si ngozi. Rangi yake ni kahawia fulani ambayo hapa Tanga sijaiona kwenye gari jingine. Ninazokutana nazo ni nyeusi, au bluu, au krimu iliyokwisha geuka chai ya maziwa. Hii yangu imekaa kati ya asali na kahawa. Kwenye karatasi za mzee nimekuta pameandikwa Dattel, na jirani aliyesoma Ujerumani akaniambia ndiyo tende hiyo.

Siti ya dereva imepasuka ubavuni upande wa mlango, pale paja linapopita kila mtu akiingia, na mshono wa mgongoni umeachia kama shibiri mbili. Siti ya nyuma ni nzima, mzee hakuwa mtu wa kubeba watu. Ila mgongo wake kwa juu, panapotazamana na kioo, pamepauka.

Nimezungukia mafundi watatu. Wa kwanza kasema piga nyeusi gari zima, laki nne. Wa pili kanitolea jora la "kahawia hii hii". Tukaliweka juu ya siti mle dukani chini ya taa, kweli likalingana. Kulitoa nje juani, wekundu mtupu, kama makochi ya ukumbi wa harusi. Wa tatu kachanganya rangi ya bodi, akanipulizia egemeo la mkono nione. Wiki mbili baadaye limepasuka nyufa kama tope la bwawa lililokauka.

Sitafuti gari la maonyesho. Nataka mama akipanda akae kwenye gari lile lile. Naipataje rangi hii? Na nichukue kipimo kwenye kipande kipi, maana ndani ya gari moja naona kahawia nne?

Kipusa wa Magomeni

Mkuu, piga nyeusi maisha yaendelee. Tende tuachie za futari.

Mzee wa Sindano

Mwana wa Ngamiani, huyo wa nyeusi usimsikilize. Ukishapiga siti nyeusi, milango imebaki kahawia, kapeti kahawia, dashibodi kahawia. Utaanza kukimbizana na kila kipande mpaka hizo laki nne ziwe milioni, na gari litakuwa limekufa ndani.

Nilianza kushona siti 1986 pale Gerezani, sasa niko nyumbani Morogoro natungiwa uzi na mjukuu. Hizo kahawia zako nne ni moja. Imezaliwa moja, ikalelewa tofauti: huku jua, huku jasho, huku ile dawa ya kung'arishia dashibodi ambayo vijana wa kuosha magari wanaipaka hata mahali isipotakiwa. Kwa hiyo kabla ya kutafuta rangi, osha. Maji ya vuguvugu, sabuni kidogo, brashi laini, futa kwa kitambaa cheupe uone kinachotoka. Nusu ya watu walioniletea siti "zilizobadilika rangi" waliniletea uchafu.

Halafu ng'oa siti ya nyuma ile ya kukalia. Chini kwa mbele kuna vishikizo viwili, ukivibana inanyanyuka. Ipindue. Pale ambapo leza, yaani hiyo ngozi ya plastiki, imekunjwa kwenda chini hapajaona jua tangu siku inatoka kiwandani. Hiyo ndiyo tende yenyewe. Jiandae kushangaa.

Sasa amua jambo moja, na usimwachie fundi akuamulie. Ukitengeneza gari zima, fuata rangi ya chini iliyofichika. Ukitengeneza sehemu, fuata rangi ya jirani yake, hata kama imepauka. Watu wengi wanaharibu hapa. Wanaagiza leza sahihi kabisa kutoka nje, wanaishona kwenye siti moja, kisha wanalalamika wameletewa feki. Si feki. Ni mpya kati ya wazee.

Kwa ubavu uliopasuka mimi nisingenunua kitu. Siti ya nyuma ina ubavu unaobanwa na bodi, hakuna mtu anayeuona. Chukua hapo kiraka cha dereva, na pale ulipokata shonea leza yoyote. Uzi uwe wa polista, wa pamba jua linaumaliza. Ingekuwa kilichopasuka ni ile sehemu ya katikati yenye mistari na vitundu, ningekuambia tafuta siti ya gari lililokufa. Ile mistari kiwandani waliibana kwa joto, hawakuishona. Ukiishona kwa cherehani inaonekana toka ng'ambo ya barabara.

Na mshono wako haukuachia kwa uzito wa mtu. MB-Tex ni plastiki juu ya kitambaa, ulaini wake ni mafuta iliyochanganywa nayo, na joto linayatoa kidogo kidogo. Ule ukungu unaoganda kioo cha mbele kwa ndani, sehemu yake ni hayo mafuta. Yakipungua leza inasinyaa, mshono unavutwa. Mafuta ya kupaka ngozi hayasaidii kitu hapo, mwenye duka tu ndiye anayenufaika.

La mwisho. Ukifungua siti ya dereva, juu ya springi utakuta tandiko la manyoya na nyuzi za makumbi ya nazi zilizogandishwa kwa mpira. Fundi atakuambia limeoza, akuwekee sponji ya godoro. Kataa. Mtu wa Tanga kutolewa makumbi awekewe sponji ni aibu. Palipomong'onyoka pajazwe usumba, palazwe gunia juu, basi.

Binti Matrah

Kaka, huku Maskati ukisema rangi ya tende utaulizwa tende gani. Khalas ni ya asali, Fardh inakwenda kwenye kahawa, Khunaizi ina wekundu. Huyo mwenye jora alikuuzia Khunaizi. Yako kwa maelezo yako ni Khalas iliyokaa koponi mwaka mzima.

Baba alikuwa na 280E yenye rangi hiyo hiyo, na jua la huku halina utani. Kilichotusaidia ni kadi ya data, karatasi ya kiwanda inayotaja gari lilivyotoka. Unawaandikia idara ya magari ya zamani ya Mercedes ukiwa na namba ya chasisi na uthibitisho kwamba gari ni lako. Ya 240D ina 123.123 ndani yake, na tarakimu inayofuata ikiwa 2 basi usukani ulitoka kiwandani ukiwa kulia. Ndani ya kadi kuna namba ya siti yenye tarakimu tatu, na ile ya kwanza ndiyo inayotaja kitu chenyewe: 0 kitambaa, 1 MB-Tex, 2 ngozi, 9 mahameli. Ukiagiza kwa kutaja "Dattel" peke yake unaweza kuletewa rangi ya ngozi, na ngozi haishiki rangi kama plastiki. Agiza kwanza vipande vya sampuli, ni vidogo na vinakuja kwa bahasha.

Mwana wa Ngamiani

Mzee wa Sindano, shikamoo. Nimeosha. Kahawia mbili kati ya nne zimepotea kwenye ndoo. Binti Matrah, ahsante, namba nimeiandika pembeni. Mgongo wa juu wa siti ya nyuma je? Kipande hakipo, na wala haujapasuka, umepauka tu.

Bin Changamwe

Huo ni wa kupuliza, nduguyangu. Mimi nachanganya rangi hapa Mombasa, nyingi za magari lakini siti pia nimezifanya.

Egemeo lako lilipasuka kwa sababu rangi ya bodi imekusudiwa bati, na bati halikunjwi. Itisha rangi ya leza na ngozi, ile inayojikunja. Kabla ya kupuliza futa kwa spiriti mara mbili, mara tatu, mpaka dawa yote ya dashibodi iishe. Ina silikoni, na ikibaki hata tone, rangi inaikimbia na kuacha vidoa vya duara. Kisha pitisha msasa laini sana, wa kukwangua mng'ao tu. Puliza nyembamba, ngoja ikauke, rudia, mara tatu au nne. Ukimwaga nene utaziba vinyweleo vya leza na itafanana na beseni. Mwisho koti lisilong'aa.

Kuhusu kulinganisha: mashine ya kusoma rangi hudanganywa na vinyweleo hivyo, kwa kuwa kila kishimo kina kivuli chake. Nikiitumia nasoma mara tano nikiizungusha, halafu namalizia kwa macho. Kahawia ya aina hii naianzia kwenye oksidi ya njano, nyekundu kidogo, nyeupe, na nyeusi kwa ncha ya kijiti. Ikizidi wekundu usiongeze njano, tia tone la kijani. Paka kwenye kipande, kikaushe kabisa, kwa maana rangi mbichi ni mwongo. Kisha kitazame kivulini asubuhi, juani saa sita, na usiku chini ya taa ya gari lenyewe. Lile jora lililingana dukani kwa sababu rangi mbili zaweza kukubaliana chini ya taa moja na zikagombana chini ya nyingine.

Mzee wa Sindano

Bin Changamwe amesema kweli yote. Naongeza: apulize palipopauka tu. Nimeona watu wakishika bomba la rangi, hawajui pa kuacha.

Mwana wa Ngamiani

Wakuu, mrejesho, wiki ya tano sasa.

Niliipindua siti ya nyuma. Kweli nilishangaa. Rangi ya chini imekolea kuliko nilivyokumbuka maisha yangu yote, maana mimi gari hili nimelijua likiwa limeshapauka. Nikatengeneza sehemu, nikafuata jirani. Ubavu wa dereva tumeukata nyuma kama alivyoelekeza mzee. Kiraka kimekolea kidogo kuliko wenzake, fundi wa hapa barabara ya 8 akataka akipulize kilingane. Nikakataa. Kwa upande ule wa mlango jua litakimaliza lenyewe. Makumbi yalikuwa mazima isipokuwa ukingo mmoja. Usumba nimeununua gengeni kwa wasokota kamba, muuzaji akacheka sana kusikia unakwenda kwenye Benzi.

Mgongo wa nyuma umenitoa jasho. Mchanganyiko wa kwanza uligoma kivulini. Wa pili ulikubali kivulini, ukagoma saa sita, wekundu ule ule wa ukumbi wa harusi. Wa tatu tukatia tone la kijani na fundi akinitazama kama mwehu. Umekubali kote kasoro usiku, na usiku nani anatazama pale.

Mama alipanda Ijumaa, akakaa nyuma upande wake. Tulipofika Raskazone akapapasa siti, akasema: "Afadhali umeliosha."

Nimebakiwa na robo lita ya hiyo rangi na itaganda koponi. Mwenye W123 ya tende Tanga, Muheza au hata Mombasa aje na chupa.