Programu ya michoro ya ukutani Dar: pini zinaangukia Hispania

Swali
Habari za kazi wakuu. Programu ni ya Android, ya kumwonyesha mtu grafiti na michoro ya ukutani iliyo karibu naye, kuanzia Posta hadi Mikocheni. Pini nyingi (alama za mahali kwenye ramani) zinakaa ng'ambo ya barabara, na chache zimeangukia Hispania kabisa. Halafu arifa ya "uko karibu na mchoro" mara inatoka, mara haitoki. Tatizo liko wapi?

Jibu 1
Hispania ni rahisi mkuu: namba zimegeuzwa. Posta ni kama latitudo -6.81, longitudo 39.29. GeoJSON, muundo wa kuhifadhi data za ramani, inataka longitudo itangulie, ilhali ramani nyingi za simu zinaanza na latitudo. Zikipishana, Dar inahamia magharibi mwa Hispania, karibu na mpaka wa Ureno. Ukidondosha alama ya kutoa, unatua Ethiopia. Seva ikatae latitudo yoyote isiyo kati ya -7.2 na -6.5.

La ng'ambo ya barabara ndilo la kukalia chini. Ukuta wa ghorofa mbili hauenei kwenye picha mpaka mpigaji arudi nyuma mita 10 au 15, mara nyingi mpaka avuke barabara. GPS inarekodi aliposimama yeye, si ulipo mchoro. Juu ya hapo kuna kosa la GPS yenyewe: penye anga wazi ni kama mita 5, lakini kati ya maghorofa mawimbi yanagonga kuta kwanza ndipo yafike kwenye simu, na pini inaruka jengo zima. Kwa hiyo picha ikishapigwa, fungua ramani iliyokuzwa, mtumiaji aburute pini mpaka kwenye ukuta wenyewe. Mipaka ya majengo ya Dar ipo kwenye OpenStreetMap, ramani ya bure ya mtandaoni inayochorwa na watu wa kujitolea. Ramani Huria, mradi wa kuchora ramani za Dar, walifanya kazi kubwa sana hapo.

Hifadhi nukta zote mbili, ya ukuta na ya kutazamia, pamoja na upande ukuta unakoelekea. Ukuta unaotazama mashariki unapendeza asubuhi. Jioni rangi zake ziko kivulini, na mtu anastahili kujua hilo kabla hajapanda daladala.

Jibu 2
Kuhusu arifa: simu hugundua mtu akiingia kwenye duara uliloliweka kuzunguka mchoro (geofence), na Android inaruhusu maduara 100 tu kwa kila programu (iPhone ni 20), na inashauri nusu kipenyo kisipungue mita 100 hadi 150. Sajili michoro iliyo karibu tu, kisha sajili upya mtu akisogea. Tangu Android 8, programu iliyofungwa hukawia dakika kama mbili kugundua kuwa mtu ameingia kwenye duara. Bajaji ya kilomita 30 kwa saa imeshamaliza kilomita nzima. Arifa hizo ni za anayetembea kwa miguu, basi.

Muuliza swali
Shukrani sana. Na ukuta ukipakwa rangi upya, nifute pini?

Jibu 1
Usifute. Ifanye ya kijivu, uandike tarehe mchoro ulipoonekana mara ya mwisho, picha ibaki. Pengine ndiyo kumbukumbu pekee iliyosalia. Watu wawili tofauti wathibitishe kwanza, maana gari likiegeshwa mbele ya ukuta mtu huripoti kuwa mchoro haupo.

Na tangu mwanzo omba picha ya pili, ya karibu, ya saini ya msanii. Mara nyingi iko kona ya chini, ndipo rangi inapobanduka kwanza kwa unyevu.