Picha ya marehemu bibi imetoka ukungu, naiokoaje bila kumbadilisha sura?

kijukuu:
Wakuu habarini, naombeni ushauri na msinicheke. Nina picha ya bibi mzaa mama, ametutoka miezi miwili iliyopita, na ndo picha pekee niliyowahi kumpata anacheka. Zingine zote kakaa kama anapigwa ya kitambulisho, mdomo kaubana macho kayatoa. Hii nilimvizia jioni ndani, mwanga mdogo, nikamtania akaangua kicheko nami nikabonyeza, kumbe kamera ilifungua jicho lake kwa 1/30 ya sekunde, polepole mno kwa mtu anayetikisika, sura ikatoka ukungu mtupu. Familia wanataka ichapwe iwekwe ukutani.

Nimeshaipitisha kwenye programu moja ya simu inayosafisha picha kwa akili mnemba, ikatoka kali mpaka kope unazihesabu. Shida ni kwamba bibi hakuwa na meno mawili ya mbele, na programu imempa yote 32 😅 Mama kaiangalia akaniuliza huyu nani. Nikarudi kwenye kompyuta nikavuta slaida ya shapnesi (ya kunoa picha) mpaka mwisho, akawa kama kachongwa kwenye jiwe. Nifanyeje?

fundi_mwanga:
Pole sana kwa msiba mkuu. Kabla hujagusa kitu, huo ukungu ni wa aina gani? Kuna wa fokasi kukosea na kuna wa mtikisiko, dawa zake haziko sawa. Kuza picha 100% utafute kimwanga chochote kidogo, ndani ya jicho au kwenye hereni. Kikiwa kimevutika kama kistari ni mtikisiko, kikiwa kimetanuka kama kiduara ni fokasi. Halafu niambie kama kuna sehemu yoyote iliyotoka kali.

kijukuu:
Ni kistari mkuu, kimelalia kushoto. Na sehemu kali ipo, mkono wake ulioshika mkongojo, mpaka mishipa inaonekana. Ila mkono nilishaukata, nilikropu (nilipunguza kingo za picha) ibaki sura peke yake.

mama_pikseli:
Hahaha mwanangu umetupa dawa ukabaki na ugonjwa. Rudisha huo mkono! Mtu akiangalia picha jicho lake linatafuta pa kutua, likikosa kitu kikali hata kimoja linaamua picha imeharibika basi. Likiukuta mkono umetulia vile linaelewa lenyewe kwamba kamera ilikuwa sawa, aliyetikisika ni bibi, na katikisika kwa sababu anacheka.

sureshoti:
Mnamzungusha tu jamaa. Vuta klariti (ya kukoleza umbile), vuta kontrasti, noa mara mbili, kazi kwisha.

fundi_mwanga:
@sureshoti kunoa ni kuongeza tofauti ya mwanga na giza kwenye kingo, sasa kingo zikiwa hazipo unanoa nini? Utapata uzi mweupe unaozunguka taya na chenga (vidoa vidogo vidogo) kibao kwenye vivuli. Zipo hesabu za kurudisha ukungu nyuma kama Richardson-Lucy, ya miaka ya 1970, ipo hadi ndani ya RawTherapee, programu ya kuhariri picha ambayo ni ya bure, lakini pale inasaidia ulaini wa pikseli moja mbili hivi, sio kichwa kilichosafiri.

mama_pikseli:
Nikuelekeze nnavyofanya mimi, programu ya kuhariri picha, Photoshop au GIMP yoyote sawa. Faili la asili usiliguse, fanya kazi kwenye kopi. Anza na kropu pana, sura juu mkono chini. Geuza nyeusi na nyeupe, maana kwenye mtikisiko rangi ya ngozi inachanganyika na ya ukuta na hapo ndo uchafu unaonekana zaidi, ukiondoa rangi unabaki mwanga na kivuli na vyenyewe vinavumilia ukungu vizuri tu. Kisha kopi leya (tabaka la picha), weka filta ya High Pass, inayobakiza kingo tu, radiasi 2 au 3, hali ya leya iwe Overlay ili kingo hizo zikolee kwenye picha ya chini, uifunike yote kwa maski nyeusi, yaani pazia linaloficha leya, halafu kwa brashi nyeupe ufunue mkono na mkongojo PEKE YAKE, sura uiache. Kwenye sura ng'arisha tu kile kistari cha jichoni kidogo sana. Tia giza pembeni kidogo. Mwisho kabisa, ukishapunguza saizi, ndo utie chenga kama za filamu ya zamani, ukitia mapema zinapotea kwenye kupunguza. Chenga zinadanganya jicho, linaona umbile dogo dogo kila mahali na linaacha kuulizia ukali.

Na msiichape kubwa tafadhali. 20 kwa 30 sentimita inatosha kabisa, ukungu unakua na karatasi.

kivuli_cha_nne:
Au ichanganye na picha nyingine juu yake, majani ya mti kwa hali ya Screen (inayoacha sehemu za mwanga tu zionekane), huwa inatoka kisanii sana.

kijukuu:
Nimejaribu ya @kivuli_cha_nne, mama kasema bibi amepotelea porini 😂

babu_wa_filamu:
Kijana usione haya na huo ulaini. Mpiga picha Julia Margaret Cameron wa Uingereza alipewa kamera mwaka 1863 akiwa na miaka 48, waliopigwa walikuwa wakikaa kimya dakika kadhaa na wengi wakitikisika. Wapo wapiga picha wa wakati wake waliomsema vibaya kwa picha kutokuwa kali, leo hizo hizo zipo makumbusho.

kijukuu:
Mrejesho wakuu. Nimefuata ya mama_pikseli mwanzo mwisho, maski ya mkono imenila saa nzima maana brashi ilikuwa inaingia kwenye gauni. Mara ya kwanza chenga zilizidi nikapunguza nusu. Meno yake yako vile vile, yaani hayapo. Nimempelekea mama bila kusema chochote, kakaa nayo weee halafu akasema "ndivyo alivyokuwa akitingisha kichwa". Mjomba ndo analalamika kwa nini haina rangi, huyo tutaongea naye polepole.

sureshoti:
Hongera mkuu, nimeelewa somo. Ila ile ya meno 32 tuwekee basi tuione.

kijukuu:
Nimeshaifuta.