Mjadala: Umeme wa standibai, abanwe mtumiaji au mtengenezaji?

Wakuu, standibai ni kifaa kuzimwa ila bado kiko kwenye soketi kinakula umeme, na hii kampeni ya "chomoa chaja uokoe umeme" leo naipinga hadharani. Chaja ya simu ya kisasa ikiwa kwenye soketi bila simu mara nyingi haifiki hata nusu wati. Pigeni hesabu, wati 1 ikiwaka mwaka mzima, saa 8,760, ni kama yuniti 8.8 tu, sasa nusu yake ndo tunagombeza watoto kila asubuhi?

Wezi wenyewe wametulia sebuleni. King'amuzi, hasa vile vya zamani, ukikizima kwa rimoti kinabadilisha rangi ya taa tu, ndani bado kiko macho kinasikilizia masafa na kusasisha ratiba ya vipindi, na vingine vinakula wati 10 na zaidi hivyo hivyo "vimezimwa". Kikikaa hivyo mwaka mzima ni yuniti karibu 88 na hujaangalia kitu. Mashine za gemu zikiwekwa kwenye ile hali ya kuwaka chapchap ni walewale.

Kuna wanaosema shida ni uvivu wetu. Sikubali. Mwaka 1999 IEA, lile Shirika la Kimataifa la Nishati, walipendekeza kifaa kikiwa standibai kisizidi wati 1, watu wakaona ni ndoto. Umoja wa Ulaya wakaifanya sheria kuanzia 2010, 2013 wakabana tena hadi nusu wati kwa kifaa kisicho na skrini ya saa au taarifa, na viwanda vikatii, hakuna mwananchi aliyeambiwa aamke usiku kuchomoa plagi. Walipolegeza ni kwenye vifaa vinavyokaa hewani mtandaoni, hivyo vikapewa kikomo cha juu zaidi, na siku hizi kila kitu kinataka intaneti hadi balbu, kwa hiyo hapo ndo pa kupigia kelele.

Nakubali kitu kimoja, sheria haigusi TV kuukuu ambayo tayari iko ndani kwako. Hiyo iwekee ekstensheni yenye swichi, zima yote kwa mpigo ukienda kulala, imeisha. Ila mwenye TV ya OLED, ile ambayo kioo chake kinatoa mwanga chenyewe, asikimbilie kukata umeme ukutani, ile ikishazimwa huwa inajirekebisha kioo yenyewe, inahitaji umeme.

Haya, wa upande wa "chomoa kila kitu" karibuni, ila mje na wati, msije na hasira.