Mombasa hadi Kisumu na dereva mmoja tu, halafu ofisi yaniambia "si mlifika?"

"Lakini si mlifika salama?" Ndilo jibu nililopewa na jamaa wa ofisi ya mabasi hapa Mwembe Tayari nilipokwenda kulalamika. Simu mkononi, hata uso hakuinua. Nimeamua kuleta uzi huu kwa sababu pale dirishani ulimi ulikuwa ushaanza kuniponyoka. Jina la kampuni silitaji, ila mliowahi kuipanda mtaijua kabla hamjafika mwisho.

Nilikuwa nampeleka mamangu Kisumu, dadangu amejifungua. Mama miguu humvimba akikaa sana, kwa hivyo nikalipa mapema, nikachagua siti za mbele na nikachukua basi la mchana la saa kumi na mbili asubuhi. Mchana kwa makusudi. Mama hajawahi kupita Voi, alitaka kuiona nchi. Na kabla hamjanirukia kwamba si ungepanda SGR: treni hiyo tangu ianze 2017 inatufikisha Nairobi, na mimi siendi Nairobi. Nishuke Syokimau na mama, magunia mawili ya nazi na ndoo ya achari, nianze kusaka gari nyingine? Hapana.

Saa kumi na mbili basi halipo. Saa moja halipo. Saa moja u nusu likaja, halijafagiliwa, maganda ya miwa ya abiria wa usiku bado yako chini ya viti. Tukaondoka saa mbili na ushei, baada ya utingo kunitoza mia tano ya mzigo bila risiti. Mkanda wa siti ya mama haukuwa na kifungio. Tangu zile sheria za matatu na mabasi za waziri Michuki za 2004 kila siti ya abiria inatakiwa iwe na mkanda, na huu ulikuwepo kweli, unaning'inia tu. Utingo akamwambia, "Ufunge fundo, mama." Fundo!

Mackinnon Road mama akaomba basi lisimame dakika chache pale msikitini kwenye kaburi la Sayyid Baghali aombe dua. Wapwani mnajua, madereva wengi husimama pale wenyewe hata bila kuombwa. Utingo akajibu kwamba tumechelewa. Tumechelewa na nani? Mama akainua mikono dirishani, akaomba basi likiwa mbioni. Baadaye usiku nilikuja kuishukuru dua ile.

Nisiwe mchoyo wa kusema kweli: kati ya Voi na Mtito Andei nilisahau hasira zote. Ndovu, tena kundi zima na watoto wao, wekundu kwa ule udongo wa Tsavo, wamesimama karibu na ua la reli kana kwamba wanangoja treni yao. Mama alinishika mkono akawa anacheka peke yake. Basi zima lilihamia upande wa kulia kupiga picha, na jamaa mmoja aliyekuwa akikoroma tangu Mariakani akaamka akauliza kama tumepata ajali.

Raha iliishia Mtito Andei. Sote twajua hii biashara: basi husimama kwenye hoteli ile ile kila siku, dereva na utingo wanakula chumba cha ndani bure, sisi tunauziwa chai ya maji na chapati ngumu kwa bei ya hoteli ya Nyali. Choo nacho cha kulipia. Sitalipigia kelele sana, limeshazoeleka.

Lililonileta hapa ni dereva.

Nilikuwa nyuma yake, namwona kila kitu. Kutoka Mombasa anatafuna muguka, yale majani ya kufukuza usingizi, na jojo, mfuko uko kwenye dashibodi. Nikajua Nairobi atashuka apande mwingine, ndivyo inavyotakiwa. Tukaingia Nairobi jioni baada ya foleni ya Mlolongo, wakashuka watu, wakapanda watu, mizigo ikapangwa upya. Dereva akanawa uso kwa maji ya chupa, akafungua mfuko wa pili wa muguka, akarudi kwenye usukani. Nikamuuliza utingo, "Dereva wa pili yuko wapi?" Akanijibu, "Huyu ni fundi, usijali."

Pigeni hesabu nami. Mombasa hadi Nairobi ni kilomita 480 na kitu. Nairobi hadi Kisumu kwa njia ya Nakuru na Kericho ni nyingine zaidi ya 340. Basi la abiria mwisho wake ni kilomita 80 kwa saa. Hata kama barabara ingekuwa tupu, bila tuta, bila trela, bila vizuizi vya polisi, hizo ni zaidi ya saa kumi za kuendesha. Sheria ya trafiki inasema dereva wa gari la abiria asizidishe saa nane katika saa 24. Kwa hivyo siku wanapopanga dereva mmoja kwa safari hiyo, ofisi inajua sheria itavunjwa kabla basi halijatoka Makupa. Huwezi kuniambia ni bahati mbaya.

Bonde la Ufa, lile ambalo mama alilisubiri kutoka asubuhi, tulilipita giza totoro. Zile saa mbili za Mwembe Tayari ndizo zilizotunyima.

Tulipotoka Nakuru ndipo mambo yakaharibika. Basi likaanza kula mstari wa njano, likirudi kwa kushtuka, kisha tena. Taa za trela zinakuja mbele yetu na sisi tunazifuata. Kichwa cha dereva kinashuka taratibu, kidevu kinagusa kifua, kinainuka. Nikaanza kumsemesha: mpira, bei ya mafuta, watoto wangapi. Anajibu neno moja moja. Mzee mmoja wa siti ya pili, aliyeendesha trela za Kampala miaka mingi, akainuka akaja kusimama kando yake, akamwambia kwa upole, "Mwanangu, weka gari kando. Hakuna atakayekulaumu." Dereva akasema, sauti imekauka, kwamba ametoka Kisumu usiku uliotangulia, akafika Mombasa asubuhi hiyo hiyo, na mwenzake ni mgonjwa. Ofisi imemwambia aende tu, au arudishe funguo.

Hapo mwili ulinifa ganzi. Kumbe lile basi chafu tulilolisubiri asubuhi ndilo alilokuja nalo yeye.

Tulisimama Salgaa kwenye kituo cha mafuta. Akalala palepale kwenye usukani, abiria tukamnunulia chai. Utingo anazunguka akifoka kwamba ofisi inapiga simu, basi linaonekana kwenye mtambo limesimama. Yaani mtambo wa kuona basi limesimama wanao! Wa kuona mtu hajalala siku nzima hawana. Mzee wa trela akamwambia utingo, "Ukitaka liondoke, endesha wewe." Akanyamaza.

Na mbele yetu ilikuwa Londiani. Mnaikumbuka ile jioni ya Juni 30, 2023, lori lilipoacha njia pale makutano likawasomba wachuuzi na abiria, wakafa zaidi ya watu 50. Tulipita palepale usiku wa manane, mzee amesimama kando ya dereva muda wote, mkono kwenye kiti chake, akimhadithia visa vya mpakani Malaba.

Majani ya chai ya Kericho? Tumeisikia baridi yake tu. Kisumu tuliingia karibu na alfajiri, miguu ya mama haiingii viatuni, nazi mbili zimepasuka. Shemeji alitungoja na teksi, na samaki wa kukaanga aliowapika tangu jioni. Wamepoa, tukawala hivyo hivyo.

Sasa kuna watakaosema nimlaani dereva. Mimi simlaani. Aliyemwambia "nenda au rudisha funguo" amelala kitandani kwake.

Ninayo tiketi, ninayo namba ya basi na video fupi ya kichwa cha dereva kikishuka. Waliokuwa ndani ya basi lile na wako humu, hasa yule mzee, naomba mnitumie ujumbe, malalamiko ya watu kumi yana uzito kuliko yangu peke yangu. Napeleka kwa maandishi, si kwa dirisha tena. Na mama bado yuko Kisumu, anataka kurudi mwisho wa mwezi. Nani amesafiri karibuni na basi ambalo ameona kwa macho yake dereva wa pili akishika usukani? Msiniambie la kampuni gani lina siti nzuri, siti sizitaki.