Ukumbi wa Wahitimu pale Harvard: jina lake lilikwenda wapi?

Mdadisi

Ndugu zangu, nimekuwa nikisoma habari za majengo ya vyuo vikuu yaliyosimama kwa michango ya wahitimu, na lililonivutia kuliko yote ni Memorial Hall ya Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Maandishi ya zamani yanauita ukumbi wake mkubwa Alumni Hall, yaani Ukumbi wa Wahitimu, ilhali ramani za leo zinauita Annenberg Hall. Naomba mwenye kuifahamu historia hiyo anieleze ni nani hasa waliotoa fedha, kwa nini jengo moja likabeba kumbukumbu ya wafu, meza za chakula na jukwaa la mihadhara, na jina la wahitimu liliondokaje.

Mkutubi

Ndugu Mdadisi, asili ya jengo hilo ni mwaka 1865, Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani vilipokwisha. Wahitimu wa Harvard waliunda Kamati ya Watu Hamsini ili kuwachangisha wenzao fedha za kuwakumbuka wanafunzi na wahitimu waliokufa wakiupigania Muungano, yaani upande wa Kaskazini. Papo hapo palikuwa na haja nyingine ya siku nyingi, kwani kila mwaka wakati wa mahafali wahitimu walirudi kwa wingi na chuo hakikuwa na mahali pa kuwaketisha wote kwa chakula. Haja ya tatu ililetwa na wasia wa Charles Sanders, mhitimu wa mwaka 1802, aliyeacha fedha za kujenga ukumbi wa hafla za chuo.

Hivyo nia tatu zikawekwa chini ya paa moja, na kwa maoni yangu hapo ndipo ubora wa jengo ulipo. Wasanifu wake, William Robert Ware na Henry Van Brunt, walikuwa wahitimu wa chuo hicho hicho. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 1870, jengo likazinduliwa mwaka 1874, Sanders Theatre, yaani ukumbi wa hafla uliotokana na wasia wa Sanders, ikakamilika mwaka uliofuata, na mnara ukamalizika mwaka 1877. Tangu mwanzo wanafunzi walikula katika Ukumbi wa Wahitimu kila siku, na desturi hiyo ilidumu kwa takriban nusu karne.

Msanifu

Naomba kuongeza jambo moja ambalo wengi hulipita haraka. Kati ya ukumbi wa chakula na Sanders Theatre kuna ushoroba mrefu wenye dari la mbao lililo juu sana, na kuta zake zimepambwa kwa mbao nyeusi za mjozi. Juu ya mbao hizo yamepachikwa mabamba 28 ya marumaru nyeupe yenye majina ya watu 136, na kila jina limeandikiwa tarehe na mahali mtu huyo alipofia. Miongoni mwao yumo Robert Gould Shaw, aliyeuawa kwenye ngome ya Fort Wagner mwezi Julai 1863 akiwa kamanda wa kikosi cha 54 cha Massachusetts, kilichokuwa cha askari weusi. Anayekwenda kula na anayekwenda kusikiliza muziki hupita mbele ya majina hayo hayo. Wachangiaji walitaka wafu wao wakae pale walio hai wanapopita, na mpangilio huo umelitimiza hilo kuliko ambavyo sanamu ingeweza.

Mdadisi

Nashukuru sana. Je, wana Harvard waliokufa wakipigana upande wa Kusini nao wametajwa?

Msanifu

Hawakutajwa, na suala hilo limeibua mjadala mara kadhaa. Katika Memorial Church, kanisa la chuo lililowekwa wakfu mwaka 1932 kwa ajili ya waliokufa katika Vita vya Kwanza vya Dunia, kuna maandishi ya Kilatini yanayowakumbuka hata wana Harvard waliokufa upande wa Ujerumani. Hata hivyo, mimi naona wachangiaji wa mwaka 1865 walikuwa na haki ya kuamua. Walitoa fedha zao kwa ajili ya watu waliofia Muungano na ukomeshaji wa utumwa, na kuyachanganya majina leo kungekuwa kuibadili nia yao baada ya wao wenyewe kuondoka.

Mkutubi

Nikirudi kwenye suala la jina, badiliko lilikuja mwaka 1996, ukumbi ulipofanyiwa ukarabati mkubwa ukawa bwalo la wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Mfadhili alikuwa Walter Annenberg, na jina ni la mwanawe Roger, aliyefariki mwaka 1962 alipokuwa akisoma Harvard. Siwezi kumlaumu mzazi aliyetaka jina la mtoto wake liwe mahali vijana wanapokusanyika, kwani hata huko ni kumkumbuka marehemu. Linaloniuma ni kwamba jina la kwanza lilikuwa la wote, yule aliyetoa kidogo na yule aliyetoa kingi, na lilipofutwa hapakubaki mtu wa kulidai.

Mnara nao una kisa kinachofanana na hicho. Mwaka 1897 wahitimu wa mwaka 1872 walitoa zawadi ya saa kubwa iliyowekwa juu yake. Tarehe 6 Septemba 1956, wakati wa matengenezo, moto ulizuka ukateketeza kilele chote, na kwa zaidi ya miaka 40 jengo lilibaki na mnara uliokatika. Mwaka 1999 kilele kilirejeshwa kwa ufadhili wa Katherine Loker, lakini warejeshaji walifuata umbo la mwaka 1877, lile la kabla ya saa. Ukiutazama leo, vigae vya rangi vinang'aa kama vilivyong'aa siku ya kwanza, na pale zilipokuwa nyuso za saa hakuna kitu.